Gorfa Kwenye Mstari wa Madebe

Mwaka jana, sokoni Marsabit, mama mmoja alifungua gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi, akanipa nionje. Harufu ilinifika kabla ya maziwa. Nilimrudishia chombo chake nikaondoka, na bila shaka aliniona sina adabu. Nimezunguka miji mingi tangu nitoke Isiolo, sijakaa popote zaidi ya miaka mitatu, lakini harufu hiyo hunirudisha pale pale: kwenye bomba la maji la mtaa wetu wa Kiwanjani, miaka ya themanini, nikiwa msichana wa miaka kumi mwenye kifimbo mkononi.

Kifimbo hicho nilipewa na akina mama. Zamani wenye viwiko vigumu ndio walioteka maji, na vikongwe walirudi nyumbani na madebe makavu. Ndipo ikaamuliwa madebe yapangwe mstari tangu alfajiri, na mtoto mmoja ayalinde. Anayeruka mstari, debe lake linapelekwa nyuma, hata akiwa mke wa imamu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na mdomo. Waliniita Chifu.

"Chifu, usinishike, nimekuja tu kusalimia debe langu," Mama Nkatha, muuza mboga, alinitania kila asubuhi. Nililipenda jina hilo kuliko uji wenye sukari.

Siku moja ya ukame niliona gorfa imechomekwa kati ya madebe, karibu kabisa na bomba. Kando yake alisimama Talaso, msichana wa rika langu, ambaye familia yake, Waborana wafugaji, ilikuwa imefika majuzi kutoka Sericho. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Mama amejifungua jana," alisema kabla sijamuuliza. "Nyumbani hakuna maji hata ya kunywa."

"Kila mtu hapa ana mama," nikamjibu, na wanawake wakacheka. "Na nani anatia maji kwa gorfa?"

Talaso akainamisha kichwa. Mama Nkatha alisema polepole, "Chifu, mwache huyu." Lakini mwanamke mwingine, aliyekuwa pale tangu alfajiri, akadakia, "Na mimi je? Mtoto wangu ana homa siku ya tatu." Hilo lilinitosha. Niliibeba gorfa mpaka mwisho wa mstari nikaiweka chini, kifua mbele.

Saa nne bomba lilikauka. Mbele ya gorfa yalikuwa yamebaki madebe sita. Talaso aliichukua, akaenda zake upande wa mtoni, ambako siku zile kulikuwa na matope tu yaliyokanyagwa na ng'ombe.

Mchana nilimsimulia nyanya yangu nikijisifu. Alikuwa anachambua mchele, na mikono yake ikasimama.

"Halima," alisema, "Mborana akitia maji kwa gorfa, ng'ombe wake wako wapi?"

Akaniuliza debe letu lilikuwa la ngapi asubuhi ile. Nikamwambia la pili. Alijitwisha debe hilo likiwa na maji yake, na mimi nikamfuata mpaka kwenye kibanda cha akina Talaso. Kilikuwa kitupu. Jirani alisema wamepanda lori la mifugo kwenda Gotu, ambako walisikia maji bado yapo. Mama alikuwa amemfunika mtoto kwa leso, jua likiwa utosini. Sikuwahi kujua kama mtoto huyo alifika.

Kwa miaka mingi nilijitetea. Kuna mama aliyesubiri tangu alfajiri, ana mgonjwa nyumbani, nami ningemnyang'anya zamu yake kwa haki gani? Hata leo, nikiwa mtu mzima, siwezi kumrudisha nyuma mwanamke yule. Nilichelewa sana kuona kwamba hakuna aliyeniomba nimrudishe. Debe la pili lilikuwa letu. Ningelitoa mstarini, nikaweka gorfa mahali pake, na asubuhi ile asingesogea nyuma mtu yeyote isipokuwa mimi.