Baraka Iliyofunikwa na Kelele

Yule mzee nilimchukia tangu alipoushika waya wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya ndani ya unga.

Alikuwa baba mkubwa wa bibi harusi na mwenyekiti wa kamati. Sherehe ya kumuaga binti ilifanyika mchana, katika ukumbi mmoja wa Nyakato. Muziki wote ulikuwa wake: spika, mikisa ya kuchanganyia sauti, hata fundi mitambo. Mimi nilikodiwa kurekodi video.

Kamera yangu ilikuwa ndogo, ya nyumbani, yenye tundu moja la maiki. Tundu la aina hiyo hutegemea sauti dhaifu inayotoka kwenye maiki. Ukiliingizia sauti ya mikisa, ambayo imeshakuzwa, inapasuka, na ikishapasuka hakuna wa kuirekebisha. Ndiyo maana nilikuwa na waya niliouunga mwenyewe, wenye rezista za kupunguza ile nguvu. Nilikuwa nimeuzungushia utepe mweusi. Haukupendeza, lakini ulifanya kazi.

"Uchafu huu hauingii kwenye mashine yangu," alisema.

"Baba, bila huo sauti itaharibika."

"Binti, kazi hii nimeianza hujajua hata kuvaa viatu." Akamgeukia fundi wake. "Mpe waya wa moja kwa moja."

Nikamwomba basi aniache nitumie maiki ya kamera yenyewe. Akacheka, akauchomeka ule waya wa fundi kwenye kamera yangu kwa mkono wake. Ukishachomeka kitu pale, maiki ya ndani inazimika.

Kisha bibi yake bibi harusi, aliyeletwa na meli kutoka Nansio, akasimamishwa na kupewa maiki. Akaanza kumbariki mjukuu wake kwa Kikerewe. Kwenye spika alisikika vizuri. Kwenye hedifoni zangu nilisikia mkwaruzo tu, kama bati linaloburuzwa juu ya mawe. Nikaushika waya niung'oe. Fundi akanidaka mkono, nikamsukuma. Mzee akaja mbio.

"Acha waya hapo!"

"Sauti inaharibika!"

"Nimesema acha! Nani alikuleta hapa?"

Tulipomaliza kugombana, bibi alikuwa ameshakaa na watu wanapiga vigelegele.

Mwaka haukuisha, bibi akafariki. Baada ya matanga niliitwa nyumbani kwao, kwa sababu binti alitaka kuisikia ile baraka. Niliwawekea video. Bibi alionekana anasema, mkono wake juu ya kichwa cha mjukuu, na kilichotoka ni ule mkwaruzo.

"Kamera mbovu," alisema mzee. "Nilimwonya."

Alinionya! Nilimtazama fundi wake, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Akajifanya anasoma kitu kwenye simu.

Shangazi mmoja akakumbuka kwamba naye alirekodi kidogo kwa simu, kutoka meza ya nyuma. Tukamzunguka. Sauti ya bibi ilitoka kwa mbali, lakini ilieleweka, na mama yake binti akawa anawatafsiria wasiojua Kikerewe.

"Mjukuu wangu, huko uendako, usikubali..."

Hapo ikaingia sauti ya mzee: "Acha waya hapo!" Ikafuata yangu. Kisha yake tena.

Binti akairudisha. Akairudisha tena.

"Usikubali nini?" aliuliza.

Mama yake alikiri kwamba wakati ule hata yeye alikuwa ametugeukia sisi.

"Huyu ndiye aliyeanza vurugu," mzee alisema, akininyooshea kidole.

"Baba mkubwa, toka nje."

Mama yake akashika mdomo. Binti hakupandisha sauti.

"Na wewe dada, toka."

Nilitaka kumweleza kuhusu waya wangu, kwamba ungeachwa ufanye kazi angekuwa na kila neno. Uso wake haukuruhusu. Nikafunga begi la kamera, nikatoka. Mzee hakutoka. Nilipofika barabarani nilikuwa bado namsikia, anawafundisha jinsi kamera za bei rahisi zinavyoharibu sauti.