Risiti Niliyoandika Siku ya Mahari ya Hodan

Kabla hamjaenda mbali mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea, maana shule niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, barua hii nimeiandika siku nne, na kila mteja akiingia naificha chini ya mizani. Ninayo aibu. Ninaisimulia kwenu msionijua kwa sababu wanaonijua hapa Garissa wameshaisikia, tena wengine hunisimulia mimi mwenyewe kana kwamba sikuwepo.

Mimi na mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita Hooyo, tuna duka dogo la sukari, unga, tambi tunazoziita baasto, na sabuni. Ulipoanza ule ushuru mpya wa mauzo, ule uliokusanya kodi za huku na za kule zikawa moja, mnunuzi anailipa papo hapo dukani na mwenye duka anaiandika kwenye risiti, sisi ndio tulioonekana wezi. Mtu aliyezoea kununua sukari kwa shilingi fulani tangu anaoa, leo anaambiwa ongeza, naye anakutazama wewe, hatazami serikali. Jirani yetu Halima, anayeuza chai nje ya duka letu, aliniuliza mbele ya wateja wake, "Huyu Kodi ni mtoto wa nani? Sukari nimenunua mimi, chai napika mimi, yeye anakuja na kikombe tu?" Watu wakacheka, lakini wiki hiyo hiyo Halima alipunguza sukari kwenye birika, na wale wazee waliokuwa wakinywa vikombe viwili wakaanza kunywa kimoja na kukikalia mpaka kinapoa. Hooyo naye aliacha kuleta betri na mafuta ya nywele, akasema vitu visivyotoka rafuni vinamzeesha.

Basi tukaitwa wafanyabiashara wadogo kwenye ukumbi tufundishwe. Hooyo akanituma mimi kwa kuwa ndimi ninayejua Kiswahili cha kuandika. Afisa alieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Akatugawia vitabu vya risiti vyenye karatasi ya kaboni, akatuonyesha pa kuandika muuzaji, mnunuzi, bidhaa, idadi, bei, kodi. Akasema hata watu wakibadilishana mali kwa mali, bidhaa ni kile anachotoa muuzaji, na bei ni kile anachopokea. Hapo mimi nikawa na swali. Nilitaka kuuliza kama ng'ombe na ngamia nao wamo. Nikainua mkono mpaka usawa wa bega, nikaona watu wanageuka kunitazama, nikaumalizia mkono kwa kujikuna sikio. (Sikio halikuwa linawasha.) Afisa akauliza kama kuna mwenye swali, nikaendelea kujikuna, tukanywa soda tukaenda zetu.

Mnaona ni jambo dogo. Lakini niliporudi nyumbani nikakuta nimekuwa msomi. Majirani wanakuja kuniuliza hili na lile, najibu, na baba yangu, Aabo, ambaye kwa kawaida hanisemeshi ila kunituma, akaanza kunikaribisha nikae naye kwenye mkeka. Siku moja akaniuliza, "Na mifugo?" Sikuwa najua. Kusema sikuuliza niliona haya, basi nikasema nayo imo, chochote kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule bila risiti ni faini. Aabo akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Wakati huo dada yangu Hodan alikuwa ameposwa na Yussuf, kijana wa Hulugho. Mimi na Hodan tumefuatana kuzaliwa, ndiye aliyenifundisha kusoma saa nilizokuwa nalia shuleni. Yussuf alimpenda na yeye alimpenda Yussuf, jambo ambalo halipatikani kila siku, ila wazee wa kule walikuwa wagumu, walikubali baada ya kuombwa sana. Kilichobaki ni siku ya yarad, yaani ngamia ambao upande wa mume huwapa wazazi wa msichana. Siku hiyo ikiharibika, posa nayo imekwenda.

Wakaja baada ya swala ya alasiri, wazee watano wakiongozwa na ami yake Yussuf, Mwalimu Dahir, mtu mrefu aliyefundisha shule miaka mingi na ambaye hata akikaa kwenye mto unahisi amesimama. Ngamia watano waliachwa nje ya mji kwa binamu zetu. Chumba cha wageni kimejaa, viatu vimejaa mlangoni, wanawake wako nyuma ya pazia na sahani za nyama, Hodan akiwa katikati yao. Dua ikasomwa, maneno mazuri yakasemwa, ngamia wakatajwa na kupokelewa. Ikawa imekwisha. Mngeniacha nimekaa pale mlangoni nikimimina chai, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Lakini niliwaza faini. Nikamwona Aabo anashtakiwa kwa ngamia wasio na risiti, nikatoka mbio mpaka dukani, nikachukua kitabu. Nikaandika polepole, kwa usafi, kama nilivyofundishwa. Muuzaji nikaandika jina la Aabo. Mnunuzi, Mwalimu Dahir. Kwenye bidhaa kalamu ikasimama. Nilitaka kuandika ngamia, kisha nikakumbuka kwamba ngamia ndio tunaopokea sisi, kwa hiyo ngamia ni bei, na bidhaa ni kile tunachotoa. Nikafikiri tunatoa nini. Nikaandika Hodan. Idadi, moja. Bei, ngamia watano. Kwenye kodi, kwa kuwa sikujua kuipiga hesabu kwa ngamia, nikaandika "nitauliza".

Naapa sikuona ubaya. Nilikuwa nimeinamia mistari, nilichoogopa ni kutoka nje ya mistari.

Nikarudi, nikachana karatasi, nikampa Mwalimu Dahir kwa mikono miwili. Akauliza ni nini, nikasema ni ya serikali. Wazee wenzake wasiosoma wakamwambia awasomee. Akavaa miwani, akasoma kwa Kiswahili kwanza, kisha, kwa sababu ni mwalimu na hawezi kujizuia, akaitafsiri yote kwa Kisomali, mstari kwa mstari, sauti yake ikishuka kadiri alivyoelewa anachosoma. Alipofika kwenye "moja" hakuna aliyekuwa akitafuna.

Kutoka nyuma ya pazia Hodan akasema, wala hakupaza sauti, "Na nikiharibika, ninarudishwa dukani?"

Kuna mtu alichekea puani. Mwalimu Dahir akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya kikombe, akamwambia Aabo, "Ndugu yangu, sisi tulikuja kwa watu. Hatukujua tumekuja sokoni." Akaanza kuinuka. Aabo alinitazama, na yale macho ndiyo yaliyonitoa mle chumbani, nikatumbukiza miguu kwenye viatu vya kwanza nilivyoviona mlangoni nikakimbia.

Nilijificha nyuma ya magunia ya unga. Huko ndiko nilikotazama chini nikaona miguu yangu inaogelea ndani ya viatu vya ngozi, vikubwa, vilivyopakwa rangi. Vilikuwa vya Mwalimu Dahir. Nyumbani, kama nilivyokuja kuambiwa, wageni walikuwa wamefika mlangoni kwa hasira zao, na kiongozi wao hana viatu, na mtu wa heshima yake hawezi kutembea peku Garissa mchana, wala hawezi kuvaa ndara za mwenyeji aliyemkosea. Ikabidi arudi akae. Alipokaa, Aabo akapata nafasi ya kuomba radhi, na Hooyo akatuma chai nyingine.

Alinifuata Hooyo mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Njoo na viatu vya watu." Niliingia nimevibeba kifuani kama mtoto mchanga, nikaviweka mbele ya Mwalimu Dahir, nikabaki nimesimama. Aabo akasema upande wetu utatoa haal, ile fidia ambayo kwetu hutolewa kwa aliyevunjiwa heshima, waseme wanataka nini. Mwalimu Dahir akavaa viatu vyake taratibu ndipo akajibu.

"Sisi hatudai. Anayedai ni aliye nyuma ya pazia, na anayedaiwa ni huyu. Na wewe kijana, mimi nimelipa kodi maisha yangu yote. Ngamia wa mahari hawauzwi. Ungeuliza."

Nilikuwa na mtamba mmoja tu wa ngamia, niliyemnunua kwa miaka mitatu ya duka, niliyekusudia awe mwanzo wa ndoa yangu. Nikampa Hodan. Kwa ile siku sikuona uchungu wa kumtoa, nilichotaka ni kusikia neno kutoka nyuma ya pazia. Hapakutoka neno. Harusi ilifanyika, alhamdulillahi, Hodan akaenda Hulugho na mtamba akaenda naye.

Baadaye nilikwenda kwa yule afisa, nikasimama mbele ya meza yake nikauliza. Akasema mifugo hai haimo kabisa katika ushuru ule. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuniagizia soda.

Sasa nauliza kila kitu, mpaka Hooyo anachoka. Nisichokijua nasema sikijui, hata mbele ya wateja, hata sauti ikitetemeka, na nimejiapiza nitakufa hivyo. Lakini Hodan akipiga simu husalimia kila mtu kwa jina, na ikifika zamu yangu mtandao unakatika. Hooyo anasema Hulugho mtandao ni mbaya. Mimi nimezaliwa tumbo moja na Hodan, najua ni kidole chake.

Ndiyo maana nimewaandikia. Kama kuna miongoni mwenu aliyemvunjia heshima dada yake mbele ya watu, akalipa kila alichoambiwa alipe na bado akaona hajalipa, tafadhali niandikie kupitia gazeti hili, uniambie ulipompata ulianza na neno gani.