Mama Mkwe Naye Alitaka Kitu

Jumamosi ile naikumbuka bado, mwanangu, na hasira yake haijanitoka.

Simu za mkononi zilikuwa ndiyo zimeanza kuzoeleka. Nilikuwa msichana katika kikundi cha maigizo, tukifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Dagoretti Corner, hapa Nairobi. Kimani, aliyetuandikia mchezo, alinipa nafasi ya mjane anayetaka mumewe azikwe hapa mjini, Kabiria, karibu na watoto. Mama Awinja, muuza sufuria wa Ngara, aliigiza mama mkwe anayemtaka mwanawe arudishwe akazikwe nyumbani, magharibi mwa nchi. Kazi yake ilikuwa kufoka na kunitukana.

Siku hiyo aliweka karatasi chini.

"Mimi nataka nini kwa hii mchezo?"

"Hutaki kitu, Mama," Kimani akamjibu. "Wewe ni mtu mbaya tu."

"Hata mbwa akibweka anataka kitu."

Kisha akanigeukia, sauti ikiwa chini kabisa. "Huyu nilimzaa mimi. Akilala huku, nitamlilia wapi?"

Nikajikuta nimejibu maneno yasiyoandikwa. "Na watoto wake, Mama? Wao wamlilie wapi?"

Wenzetu wote wakatugeukia. Hata mfagiaji alisimama na ufagio wake.

Kimani alikasirika. Alisema tunaharibu funzo, kwamba lazima mjane awe na haki peke yake. Nafasi ya Mama Awinja akampa binamu yake mwenyewe, mtu wa kupiga kelele.

Siku ya onyesho watu walimcheka mama mkwe, na mimi nilipolia, wengine walikuwa wanatoka nje kununua mahindi. Nililia kwa uchungu wa kweli, lakini nilikuwa nashindana na nani? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumatatu nilimfuata Mama Awinja Ngara, nikamweleza yaliyotupata. Hakucheka. Alisema tu, akiendelea kupanga sufuria zake, "Mwanangu alizikwa hapa Nairobi. Mkewe alinishinda. Na sikuwahi kumchukia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimefura. Kimani alikuwa na mama huyo mbele yake, akamfukuza!

Sasa nawe jana umeniletea hadithi ya mwenye nyumba anayemtesa mpangaji kwa sababu ni katili. Katili! Nimeisoma nikataka kuitupa kwenye moto wa jiko. Akiamka asubuhi anataka nini? Anaogopa kupoteza nini? Mwanangu, fahali wawili hawakai zizi moja, nawe umeleta fahali mmoja na ngozi iliyojazwa majani. Mpe kila mmoja jambo analolitaka kwa moyo wote, liwe jambo ambalo mwenzake hawezi kumwachia. Wote wawe na haki. Halafu usikimbilie kuwapatanisha. Waache wavutane mpaka msomaji ashindwe kuchagua.

Nenda ukaandike upya. Mungu akupe sikio la kumsikia hata usiyempenda, na mkono wako usichoke.