Kadi za Angélique Juu ya Mkeka

Dada yangu Angélique Kapya alikuwa mkaidi, na mkaidi akishindwa na kitu, nyumba nzima hukosa raha. Mwaka 1974 alishindwa na Kobol, lugha ya kuiamrisha kompyuta, na sisi wa mtaa wa Katuba tukaionja hasira yake.

Kampuni ya shaba ilikuwa imemtoa katika chumba cha wasichana watoboa kadi za kompyuta ili ajifunze kuandika programu. Maneno ya Kobol yalikuwa ya Kiingereza, nasi nyumbani hakuna aliyekijua. Aliyakariri kama katekisimu. Programu yake ilitakiwa kuigawia unga kila familia ya mfanyakazi kulingana na idadi ya watoto, lakini kila ilipopita kwenye mashine, familia ilipewa unga wa jirani aliyetangulia. Mwalimu wake, citoyen Ngosa, yaani mwananchi, kama tulivyoitana wakati ule, alimpa nafasi ya mwisho, Jumatatu. Ikishindikana, angerudi kutoboa kadi.

Jumamosi mvua ilimkuta njiani na baiskeli. Kadi zake, kila moja ikibeba mstari mmoja wa programu, zikalowa zote. Akazibwaga mezani, akaingia kulala bila kula.

Jumapili, alipokuwa misani, mama alizitandaza mkekani juani. Mama alikulia katika kijiji cha Kasomeno akianika samaki, na kitu kilicholowa hakikumtisha. Alizigeuza, akazikandamiza kwa pasi baridi zisijikunje, kisha akazipanga kama alivyozoea kupanga samaki, wakubwa na wenzao, wadogo na wenzao.

“Nilianika yote, mwanangu,” alimwambia dada aliporudi. “Ya matundu mingi iko huku, ya matundu kidogo iko kule.”

Dada hakuwa ameziandika namba. Mpangilio wa kadi ndio programu yenyewe, nao ulikuwa umepotea. Alilia waziwazi. Mimi nilimkasirikia mama, nikasema maneno ambayo binti hamwambii mzazi. Mama alikaa mkekani, akaokota kadi moja.

“Hii inaendaka wapi?”

Dada akapangusa macho, akasoma maandishi yaliyo juu ya kadi. “Hii inaambia mashini ifungue liste ya bafamille. Iko ya kwanza.”

“Na hii?”

“Inapima bunga.”

“Na hii?”

“Inasoma famille moja, batoto ngapi.”

Dada alikuwa akiziweka kwa mpangilio wake wa zamani, ya kupima mbele ya ile ya kusoma, na mama akazitazama. Mama alikuwa akisimama kwenye foleni ya unga tangu ujana wake. “Sasa unapimia muntu bunga mbele ya kumuuliza iko na batoto ngapi?”

Dada akacheka, cheko ambalo hatukuwa tumelisikia nyumbani tangu kozi ianze. Akaitoa kadi ya kupima, iliyokuwa ikitumia hesabu ya jirani aliyetangulia, akaiweka nyuma ya ile ya kusoma. Waliendelea hadi jua likazama, mama akiuliza, dada akijibu, na kwa mara ya kwanza dada alikuwa anaelewa anachokisema.

Jumatatu kila familia ilipata unga wake.

Tangu hapo hakupeleka programu kazini kabla ya kumweleza mama mkekani. Siku zile nilidhani ni mchezo wao. Mama alipofariki, dada aliniita, akatandika mkeka, akaniomba nikae niulize. Nilijaribu. Lakini mimi sina subira, nikaanza kujibu badala ya kuuliza, naye akazikusanya kadi zake taratibu, akaniambia si kosa langu.