Vijiti vya Pwani ya Uroa

Mzungu akichoshwa na mji hutafuta pwani ya watu. Huyu wetu alikuwa na kazi katika moja ya ofisi za mjini Unguja, akikaa Shangani na mkewe, na kila wiki ikiisha hawatulii. Leo wamekwenda Kidichi kwa miguu kutazama mahamamu, zile bafu za zamani, kesho wanaogelea Bububu, keshokutwa wanalala msituni kwa raha zao, na nyumba wanayo. Mwaka wa hamsini na tano, masika yakikaribia, wakaja kwetu Uroa na rafiki zao na hema kubwa, na mpishi wao Muhiddin, mtu wa Malindi ya mjini, ndiye mkalimani. Tuliwakaribisha. Mpaka leo nikikumbuka kwamba niliwapelekea madafu kwa mkono wangu, nafsi inanichafuka.

Dada yangu Kazija hakuwa na nafasi ya kutazama wageni. Alikuwa na nyumba ya kujenga. Aliachwa mara mbili, mara ya pili kwa kuwa hakuzaa, akarudi na kisanduku chake cha nguo kwa kaka yetu Jecha. Jecha hana ubaya, lakini Mwanapili mkewe alikuwa na namna yake ya kuchungulia chungu kila Kazija akijipakulia, na kuuliza kwa sauti kama watoto wameshakula. Mtu mzima akifanyiwa hivyo mwaka nenda mwaka rudi, chakula hakimshuki. Kazija akamwomba kaka kipande cha kiwanja. Jecha akampa, akamkatia na boriti za mkoko. Fito alikwenda kukata mwenyewe, akazileta kichwani. Kilichobaki ni kamba.

Nyumba zetu hazikupigwa misumari. Fito zilifungwa kwenye nguzo kwa kamba, paa likafungwa kwa kamba, na kamba zenyewe zilitoka kwenye makumbi ya nazi. Mwanamke huchimba shimo ufukoni, pale maji yanapokupwa, akayapanga makumbi yake, akayafukia, akayakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na bahari, kisha akachomeka kijiti chake. Huyaacha hapo miezi na miezi mpaka yalainike, ndipo huyafukua akayaponda na kusokota. Kumbi likitolewa kabla ya wakati wake limeharibika, halipondeki wala halirudishiki. Pwani yote ilikuwa vijiti, na kila mwenye kijiti alikijua chake kwa mti wake na kwa mkato wake. Hata wanawake waliokuwa hawasemezani hawakugusiana vijiti. Kazija alikuwa na mashimo manne, yametimia. Aliyangoja maji ya bamvua tu, bahari ikauke mbali, ayafukue.

Bamvua lilipofika, tukafiwa Chwaka. Wanawake wote wa Uroa tulikwenda mazikoni, pwani ikabaki haina mtu.

Wazungu wakatoka hemani wakaona mchanga ulivyokauka, mpana, tambarare, wakataka kucheza kriketi. Kitu pekee kilichowaudhi ni vile vijiti na mawe. Basi wakaving'oa. Bibi mwenyewe, kofia kichwani, aliokota mawe yetu akayarundika pembeni kwa bidii ya mtu anayefagia uwanja wake. Vijiti sita walivichagua, vitatu huku na vitatu kule, wakawa wanavilenga kwa mpira. Vilivyobaki wakachemshia chai. Muhiddin, aliyetusimulia baadaye, aliviona akadhani ni vya wavuvi, maana mtu wa Malindi kamba huinunua dukani. Walicheza mpaka maji yakajaa, na maji yalipojaa yakapiga pasi mchanga wote.

Tuliporudi asubuhi ya pili hapakuwa na alama hata moja. Nimeona pwani ile tangu nazaliwa, na siku ile sikuijua. Kila mmoja alikwenda pale alipodhani ndipo pake. Mwanakhamis, jirani yetu, akachimba, akatoa makumbi mekundu, mabichi, akalia kwamba si yake. Yalikuwa yangu. Akachimba hatua chache mbele, Kazija akamrukia, akasema hapo ni pake, na watu wawili waliocheza pamoja utotoni wakashikana kanga na kuitana wezi mbele ya Wazungu. Yule bwana akasimama kutazama, kikombe mkononi. Ningelikuwa na nguvu siku ile ningelikitia kikombe kile mchangani, na yeye juu yake.

Tukawatenganisha, tukaenda hemani wote. Kazija akaeleza taratibu, Muhiddin akitafsiri: kwamba vile vilikuwa vijiti vyetu, na yeye kamba zake zimo chini, na masika yako mlangoni. Bibi akasikiliza, akaweka mkono kifuani. Akasema maneno mengi, na Muhiddin akayaleta kwetu huku macho yake yako chini.

"Bibi anasema amesikitika sana. Lakini makumbi hayajapotea, yapo palepale chini ya mchanga. Chimbueni yote, mgawane sawasawa."

Yapo palepale! Kama kwamba mtu akikutupia mtoto wako katikati ya bahari naye hajapotea, yumo majini.

Tulimngoja Kazija apige kelele. Alilizunguka hema mara moja akilitazama, kisha akachutama penye kigingi cha kwanza akaanza kufungua kamba. Akaikunja vizuri, akaitia begani, akaenda kwenye cha pili. Bwana akafoka, akamwendea, lakini wanawake tukajipanga katikati, nami nilikuwa mbele, na nilitamani kweli anisukume. Bibi akamvuta mumewe mkono. Hema likainama upande mmoja, likainama wa pili, likalala chini juu ya vitanda na vyombo vyao.

Muhiddin akauliza, "Dada, nimwambie nini bibi?"

"Mwambie kamba nnazichukua," Kazija akasema. "Vigingi nimewawachia, wapate kujua hema lao lilikuwa wapi."

Waliondoka adhuhuri. Sheha, mkuu wa kijiji chetu, akaja jioni, mwoga yule, kumtaka Kazija azirudishe kamba za watu asituletee askari. Kazija akamjibu kwamba atazirudisha siku Mzungu atakapokuja kumwonyesha mashimo yake manne. Mzungu hakuja.

Zile kamba zilitosha upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili aliuegeshea makuti tu, na masika yakayachukua wiki ya kwanza. Nilimfuata na mvua, nikamkuta amejibanza kwenye kona kavu na kisanduku chake, moto unafuka moshi, nikamwambia twende kwa kaka mpaka kuanuke.

Akaniambia, "Kaa ule." Akanipakulia, akajipakulia na yeye, chungu kikabaki kitupu.