Mtungi Wenye Uzi Mweusi

Mavyaa wangu alipokuja kukaa nasi Chaani, mitungi yake ilitangulia. Mume wangu alikwenda kumpokea Magongo na mkokoteni wa kukodi, akidhani atabeba sanduku la nguo. Alirudi na mitungi sita ya plastiki ya lita ishirini, gunia la makaa na debe la makopa ya muhogo, na mama yake akitembea nyuma kuhakikisha hakuna kinachoanguka. Nguo zake zote zilikuwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Nilisimama mlangoni nikijiuliza kama huyu mama anahamia kwa mwanawe au anakimbia vita.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati na uwanja nyuma tulikofulia na kupikia wote. Yeye na mjukuu wake walilala chumba kidogo, na ndani ya wiki moja chumba kile kikawa ghala. Mitungi aliipanga chini ya kitanda, mitatu mitatu, imejaa maji. Kwenye debe jingine aliweka chumvi, sukari, mishumaa, dawa za maumivu, njiti za kiberiti ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, na tochi ambayo betri zake zilitiwa kinyume ili zisiishe kabla ya siku yake. Vyeti vya kuzaliwa na kadi ya kliniki ya mtoto alivifunga nailoni, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakujua kusoma, lakini kila karatasi aliijua kwa kuipapasa. Ukimwomba kadi ya kliniki alikutolea kadi ya kliniki, akiwa anaongea na mtu mwingine.

Alikuwa amekulia Kaloleni, na utotoni aliona njaa ambayo hakupenda kuisimulia. Nilichokijua ni kwamba hakuwahi kutupa ganda la muhogo bila kulitazama kwanza. Nilipomtania kwamba bomba liko uani na duka liko mlangoni, alinijibu kwamba bomba nalo ni mgeni, huja likitaka. Hapo alikuwa na haki. Chaani bomba linaweza kukauka wiki tatu, na wenye mikokoteni ya maji wakawa ndio wafalme wa mtaa.

Kila Jumamosi alikagua ghala lake. Mtungi uliofungwa uzi mwekundu shingoni ndio uliokaa zaidi, basi huo tuliufulia nguo. Ulipojazwa upya ulivishwa uzi mweupe, na mwekundu ukahamia kwa unaofuata. Mpango huo niliuelewa, na nikiwa mkweli, ulinishangaza, maana mimi niliyesoma hadi chuo nilikuwa nikisahau hata siku ya takataka.

Kilichonikera ni mtungi wa sita. Ule ulikuwa na uzi mweusi, nao haukubadilishwa uzi kamwe. Maji yake yakikaa aliyatoa nje, akayamwagia mpapai taratibu huku midomo ikichezacheza, kisha akaujaza mengine. Hatukuyafulia, hatukuyapikia. Siku moja nilimuuliza kwa nini tusiyatumie. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu vya jirani.

"Huu si wetu," akasema.

Mimi nilizaliwa bara, kwenye nyumba ya mzee wa kanisa, na mambo ya koma, yaani roho za wazee zinazotiliwa maji na uji, niliyajua kwa kuyakemea tu. Nilijumlisha uzi mweusi, mpapai na ile midomo, nikapata jibu langu. Tena likizo moja nilirudi kutoka kwetu nikaukuta mtungi ule mtupu, unakaushwa juani. Nikasema moyoni, basi, wamekunywa. Nilipeleka jambo hilo kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, na tukaliombea jioni mbili nzima. Mavyaa mwenyewe sikumuuliza. Nilimheshimu, na zaidi ya hapo nilikuwa mwoga.

Mwaka ule bomba lilikuwa kavu kwa siku kumi na saba mavyaa alipoitwa Kaloleni kwenye matanga. Aliondoka alfajiri na mfuko wake wa nailoni. Alinishika mkono akaniambia maji ya chini ya kitanda nisiyaguse kwa kazi yoyote ila ya mtoto. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na tumbo lilikuwa limemwanza jana yake, kidogo tu. Nilimwitikia ndiyo Mama, safari njema.

Siku ya pili asubuhi, mume wangu akiwa kazini bandarini, nilisikia watu wakikimbia nje. Lori la mafuta ya kupikia lilikuwa limepinduka kwenye barabara ya Magongo, tangi limepasuka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mafuta yaliteremka kwenye mtaro, mazito, ya rangi ya chungwa, yanang'aa juani, na watu wa mtaa mzima wamepiga magoti pembeni kama walio kwenye ibada, wakichota kwa vikombe, mabeseni, hata kofia ya bodaboda. Nilisimama na mtoto mgongoni, mdomo wazi. Mafuta yale yale tuliyokuwa tukiyanunua ya kupima, kikombe kwa kikombe!

Tatizo la Chaani siku ile halikuwa mafuta, lilikuwa vyombo. Mitungi yote ilikuwa na maji, na maji yenyewe ni ya kusaka kwa taabu ya wiki mbili na nusu. Watu wakayamwaga. Niliona kwa macho yangu mwenye mkokoteni wa maji akiifungua mitungi yake ishirini, mmoja baada ya mwingine, akayaachia maji barabarani kisha akageuza mkokoteni kuelekea mtaroni. Wiki nzima tulikuwa tukimwamkia kama liwali.

Nami nilirudi nyumbani mbio. Ningetaka kuandika kwamba nilisita, lakini sikusita. Niliburuta mitungi ya mavyaa hadi uani, na nilianza na ule wa uzi mweusi. Uzi niliukata kwa meno. Maji yakaenda kwenye mchirizi na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikiona nimepata mafuta na kufukuza mizimu kwa mkupuo mmoja. Kisha nikaimwaga mitano iliyobaki. Ningeweza kukinga hata sufuria moja, lakini sufuria nazo nilikuwa na mpango nazo.

Kufikia saa sita nilikuwa na mitungi sita ya mafuta, mgongo unaniuma, na furaha ya mwizi. Mtoto nilipomshusha ndipo nilipoona kwamba kitambaa nilichombebea kimelowa chote. Alikuwa akihara maji matupu, kisha akaanza kutapika. Saa saba hakulia tena, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko kilio chochote. Midomo ilikauka, macho yakaingia ndani.

Nilimkimbiza zahanati ya jirani kwa miguu, maana barabara ilikuwa imefungwa na pikipiki zilikuwa zikiteleza kwenye mafuta na kuangusha watu. Muuguzi alimbana ngozi ya tumbo, akaona inavyochelewa kurudi. Tangi lao pia lilikuwa kavu. Alimnywesha mtoto yale machache yaliyokuwa kwenye chupa yake mwenyewe, akanipa paketi tatu za dawa ya chumvi na sukari. Kila moja nichanganye na lita moja ya maji yaliyochemshwa, nimpe kijiko baada ya kijiko, bila kuacha. Ikifika jioni hajakojoa, nimbebe hadi hospitali kubwa hata kwa kutambaa.

Nilitoka pale na dawa mkononi, bila hata kikombe cha maji.

Maduka yalikuwa yamefunga milango kwa kuogopa msongamano. Nilipiga hodi nyumba baada ya nyumba. Kote nilikaribishwa vizuri, kote nikaonyeshwa mafuta. Mama mmoja alilia pamoja nami, mikono yake ikinuka mafuta hadi viwikoni. Tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo niliwahi kuwafundisha watoto wa Jumapili kwa picha za rangi. Sasa nilikuwa nayo mgongoni, nyepesi, imeacha hata kunishika shingo.

Niliketi ukumbini, mbele ya mlango wangu. Nilijaribu kuomba na sikupata neno.

Hapo mlango wa chumba cha tano ukafunguka. Mama wa chumba kile, mtu wa Likoni, mwenye buibui na ulimi mkali, alikuwa hanisalimu tangu tulipogombania kamba ya kuanikia nguo, na mimi nilikuwa nimeapa kutokuwa wa kwanza. Alitoka amepinda kiuno upande mmoja kwa uzito wa mtungi. Akautua miguuni pangu. Ulikuwa umejaa maji hadi shingoni, na shingoni ulikuwa na uzi mweusi.

Nilidhani nimerukwa na akili. Nilitazama uani kuona kama ule niliouangamiza umerudi.

"Yangu mengine nimemwaga kama wewe, nikajaza mafuta," akasema. "Wallahi huu nao niliushika, mkono ukakataa. Huu si wangu."

Akawasha jiko kwa makaa ya mavyaa, maana mimi nilikuwa nimempakata mtoto, na maji yalipochemka akayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hadi kikombe. Tulikaa wawili sakafuni. Mimi nilishika kichwa, yeye kijiko. Kijiko kimoja, tunahesabu, kingine. Katikati ya vijiko ndipo aliponieleza. Likizo ile niliyokwenda kwetu, mamake alifia chumba kile cha tano wakati bomba limekauka, na hapakuwa na maji ya kumwosha maiti. Mavyaa wangu alibisha hodi akiwa na mtungi. Mkristo wa Kaloleni, akaja na maji ya kumwoshea mama wa Kiislamu wa Likoni, akayaacha mlangoni bila kuuliza jambo. Baada ya matanga jirani alitaka kumrudishia. Mavyaa akakataa. Alimkatia kipande cha uzi mweusi, akamwambia ajaze wake mwenyewe, aufunge, na akae nao mpaka ajue ni wa nani.

Mimi nilikuwa nimeliombea jambo hilo jioni mbili, lishindwe.

Saa kumi na nusu mtoto alinikojolea. Sijui kama kuna mama mwingine duniani aliyewahi kulilia gauni lililokojolewa kwa shukrani kama ile. Kisha akapiga kelele, akautaka ule mkono wenye kijiko, na jirani akacheka, nami nikacheka, na kamasi zangu zote.

Mavyaa alifika muda mfupi baadaye, vumbi hadi magotini, kwa kuwa magari yalikuwa yakiishia mbali na Magongo na alitembea yaliyobaki. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida. Aliitikia marahaba, akamtazama mjukuu, akatazama sufuria, akaingia chumbani. Alipotoka aliuliza swali moja tu, ule wa uzi mweusi uko wapi.

"Niliumwaga, Mama. Nilidhani ni wa koma."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akalazimika kushika ukuta.

"Koma wangu wako Kaloleni," akasema, akifuta machozi. "Na maji ya bomba hawayataki."

Na ile midomo kwenye mpapai? Alikuwa akihesabu mapapai, akasema, kwa sababu kuna mtu uani pale anayemwibia. Jirani yangu akainama ghafla kuchokora makaa.

Mafuta yale hayakumfaa mtu. Yalikuwa hayajasafishwa, na kila tulichokaanga kilinuka. Mitungi sita tuliiosha kwa maji ya moto, majivu na sabuni, lakini hadi leo ukiifungua harufu iko pale pale, na maji yakitiwa humo hayanyweki. Mavyaa hakunigombeza hata siku moja. Aliitumia mitungi ile kuoteshea mboga, ameikata matumbo, ikawa inanitazama kila nilipotoka kufua.

Bomba liliporudi nilinunua mitungi sita mipya. Wa kwanza niliujaza, nikaupeleka chumba cha tano, na salamu nikazitanguliza mimi. Jirani alinipokea vizuri, akanipa na mahamri, lakini mtungi aliusukuma kwa mguu ukarudi upande wangu wa mlango. Sikumuuliza kwa nini, nilikuwa nimeshaelewa.

Jumamosi hiyo mavyaa aliketi kitandani na nyuzi zake mapajani kama kawaida. Mwekundu aliufunga mwenyewe, na nyeupe pia. Alipofika kwenye mtungi wa sita alininyooshea kibonge cha uzi mweusi na kusogea pembeni kunipa nafasi. Nilipiga magoti nikaufunga, mafundo mawili. Kisha nikausukuma chini ya kitanda, na mpaka leo sijui ni wa nani.