Viputo, ultrasound na seli za saratani ya mapafu: nilichokiona lab hapa Moro

Wakuu, habari za muda huu.

Humu huwa nasoma tu na kupita, leo nina la kwangu. Sitaongeza chumvi, na nisilolijua nitasema sijui.

Nasoma masters hapa Moro (Morogoro), naishi Kihonda. Aliyenisomesha ni mjomba wangu, mkulima wa mdalasini na ndizi kule milimani Kinole. Mwaka jana akagundulika na saratani ya mapafu. Hajawahi kuvuta hata sigara.

Chemo ilimchakaza. Siku moja, katikati ya kutapika, akaniambia, "Mpwa wangu, ugonjwa nauvumilia. Hii dawa ndiyo inanimaliza."

Maneno yale yakanichagulia research.

Kwa wasio wa fani: dawa ya chemo inazunguka mwili mzima, kidogo tu inaingia kwenye seli za saratani. Sasa kuna viputo vya gesi vidogo mno, microbubbles. Ukivipiga kwa ultrasound, yaani mawimbi ya sauti, vinatikisika na kupasuka jirani na seli, ngozi ya seli inapata vitundu kwa muda mfupi, dawa inapenya. Njia hii sijaigundua mimi. Nilitaka kuona kama itawezekana kwa vifaa vyetu hivi hivi.

Nikaotesha seli za saratani ya mapafu kwenye visahani. Nikaweka dawa kidogo, viputo, nikapiga ultrasound.

Kesho yake seli zinadunda tu, hai kabisa.

Nikarudia. Nikaongeza nguvu ya ultrasound. Wapi! Supervisor akaniita, akasema kwa upole, "Fikiria topic nyingine, muda unakuacha."

Niliumia, wakuu. Nikamwomba nafasi moja ya mwisho.

Siku hiyo nilikuwa na Rehema, mwenzangu wa lab. Nikiwa kwenye microscope, nikasogeza focus kuelekea juu ya kisahani. Viputo vyote viko kule, vimejibana chini ya kifuniko! Seli zimejilalia chini kabisa.

"Rehema, hivi vitu havikutani!"

Akachungulia, akacheka. "Kumbe siku zote tunapiga maji."

Tukajaza visahani mpaka pomoni, tukafunga vizuri, tukavigeuza juu chini. Sasa seli ziko darini na viputo vinazifuata vyenyewe.

Matokeo alisoma Rehema, bila kuambiwa kisahani kipi kimefanywa nini. Dawa peke yake: seli zipo. Viputo na ultrasound bila dawa: zipo. Akafika kwenye kile chenye vyote.

"Hiki umekifanyaje? Zimekufa karibu zote!"

Nilipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja. Tukarudia, ikawa vilevile. Supervisor akaangalia mwenyewe, akanipa mkono. "Topic usibadilishe."

Nikapanda Kinole. Mjomba alishamaliza chemo, nguvu zinarudi. Baada ya shikamoo nikamweleza yote.

"Kwa hiyo watu hawatatapika tena?"

"Bado mjomba. Hizi ni seli kwenye kisahani, kufika kwa mtu ni safari ndefu."

"Lakini zilikufa?"

"Zilikufa."

"Kwa dawa kidogo?"

"Kidogo sana, mjomba."

Akasimama, akamwita mkewe kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue: "Mama Zuhura! Njoo usikie, zilikufa!"

Nilichojifunza: kabla hujaongeza nguvu, hakikisha unapiga panapotakiwa. Na mwenye mgonjwa, tafadhali asimwachishe chemo kwa sababu ya uzi huu.

Wa fani nikosoeni, wenye wagonjwa ulizeni. Nipo hapa nasoma zote.